Ghaibu ni nini, na ughaibuni ni wapi?

Redio ikisema "Watanzania wa ughaibuni", hakuna mtu Mbeya anayeshtuka. Tangazo la msikiti likisema kwamba baada ya Ijumaa kutakuwa na swala ya ghaibu, wapo watakaoulizana kwa sauti ya chini kama huko ndani yanasomewa majini. Na lile bango la mganga lililopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, linaloahidi kufichua mambo ya ghaibu, kurudisha mpenzi na kukuza biashara, limewafanya wengi waamini kuwa neno lenyewe linanuka uchawi. Mwalimu wa shule ya msingi naye anawaambia watoto wasome shairi kwa ghaibu, na hakuna mzazi anayekwenda kulalamika.

Neno ni hilohilo moja. Watu wanalichukulia kama manne yaliyofanana sura kwa bahati tu, na hapo ndipo mkorogo unapoanzia.

Ghaibu limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu: ghayn, ya na ba. Mzizi huo unabeba maana ya kutokuwepo, kuwa mbali na macho. Mwarabu hutumia mzizi huohuo jua linapozama, na sote tunajua jua likizama halijafa, limetoka tu upande wetu. Kiswahili kina pia kitenzi chake, ghibu, yaani kutoweka machoni, ingawa siku hizi utakikuta kwenye mashairi zaidi kuliko kwenye mazungumzo ya Mwanjelwa.

Tuanze na mfano mwepesi. Asubuhi ya Februari, ukiwa katikati ya jiji la Mbeya, ukungu unaweza kuufunika mlima Loleza usione hata mti mmoja. Mlima haujaenda popote. Uko palepale umefunikwa, na saa nne jua likichoma unaonekana wote. Huo tunasema umefichika. Sasa chukua gunia la viazi la lumbesa lililokwisha kushonwa. Vya juu unaviona kwenye wavu, vya chini huvioni, lakini aliyelijaza anajua alichoweka. Hiyo ni siri, tena siri ya biashara. Kisha mfikirie kijana wa mtaani kwako aliyekwenda Muscat kutafuta maisha. Hakuna aliyemficha, wala hakuna kilichomfunika. Hayupo. Huyo ndiye aliye ghaibu.

Kwa hiyo kufichika kunataka kifuniko, na siri inataka mtu wa kuificha. Ghaibu haitaki kimojawapo. Inataka umbali tu, wa mahali au wa wakati, kati ya kitu na anayetaka kukiona. Kinyume chake ni dhahiri: kilicho mbele yako, ambacho hakihitaji kuelezwa.

Ghaibu kwa nani?

Kutokana na hapo linakuja swali ambalo watu husahau kuuliza, nalo ndilo ufunguo wa neno hili. Hakuna kitu kilicho ghaibu hivihivi, kama vile kitu kinavyokuwa chekundu au kizito. Kitu huwa ghaibu kwa mtu fulani.

Wahehe wana mfano ambao haulinganishwi na wa kubuni. Mkwawa, mtawala wao, alijiua Mlambalasi mwaka 1898 Wajerumani wakiwa wamemkaribia, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Halikutoka. Lililotambuliwa kuwa lake lilikuja kupatikana miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen, Gavana Edward Twining akalirudisha Iringa tarehe 19 Juni 1954, na leo liko Kalenga, nyuma ya kioo. Kwa watu wa Iringa fuvu hilo lilikuwa ghaibu kwa miaka 56. Kwa mtumishi wa makumbusho kule Bremen halikuwa ghaibu hata siku moja. Alilikuta kwenye rafu kila asubuhi, ingawa huenda hakujua ni la nani. Kitu kimoja, wakati mmoja, kwa hawa ghaibu na kwa wale dhahiri.

Ukilishika hilo, matumizi mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kwa ghaibu, darasani

Mtoto anayesoma shairi kwa ghaibu hajapandwa na kitu. Kilicho ghaibu hapo ni karatasi: haiko mbele ya macho yake, maneno yanatoka kichwani. Kukariri ni ile kazi ya kuyaingiza maneno kichwani, kuhifadhi ni kuyaweka yasipotee (neno hili ndilo linalotawala madrasani), na kwa ghaibu ni namna ya kuyatoa. Ndiyo maana tunasema "amekariri wiki nzima, leo amesoma kwa ghaibu".

Walimu wazoefu wana njia ya kujua kama mtoto ana shairi kwa ghaibu kweli au amebebwa na mahadhi. Hawamwambii aanze mwanzo. Wanamwambia: anzia ubeti wa tatu. Aliyeshika maneno ataanza. Aliyeshika mahadhi atatulia, midomo itatembea bila sauti kuanzia ubeti wa kwanza, mpaka ifike wa tatu ndipo sauti itoke. Kila mstari kwake umefungwa kwenye mkia wa mstari uliotangulia, kama mabehewa. Huwezi kulivuta la tatu bila la kwanza na la pili. Dawa yake ni kumfundisha kwa kurudi nyuma: ubeti wa mwisho kwanza, kisha wa mwisho na unaoutangulia, hivyo hivyo hadi mwanzo.

Jambo jingine: kwa ghaibu ni neno kwa neno. Mwandishi anayeripoti kwamba kiongozi "alihutubia kwa ghaibu" kwa kuwa hakushika karatasi anakosea, labda kama hotuba ilikuwa imeandikwa na akaitoa yote kama ilivyo. Aliyezungumza tu kutoka kichwani amehutubia bila kusoma. Inatosha.

Ughaibuni: neno na mipaka yake

Ughaibuni limeungwa vipande vitatu. Katikati ghaibu. Mbele u-, inayoligeuza kuwa hali, kama utoto au ugeni. Nyuma -ni, inayoifanya hali hiyo kuwa mahali, kama nyumbani au shambani. Kwa hiyo ughaibuni ni mahali pa kutokuwepo. Ukilitazama vizuri ni neno la ajabu kidogo, maana linaitaja nchi ya watu kwa kosa moja tu: kwamba wewe huioni.

Kwa kuwa -ni imeshabeba kazi ya "katika", ukisema "katika ughaibuni" umevaa makoti mawili. Hakuna asemaye "katika nyumbani". Sema "wanaoishi ughaibuni", "walioko ughaibuni", "Watanzania wa ughaibuni". Na upatanisho wake ni wa mahali: ughaibuni kuna baridi, ughaibuni kumebadilika. "Ughaibuni ina baridi" ni kosa lilelile la "nyumbani ina wageni".

Swali linaloleta ubishi hasa ni hili: mpaka wa ughaibuni uko wapi? Ukitazama kamusi tu utasema nje ya nchi yoyote. Nenda Tunduma ukajaribu. Mama anayevuka asubuhi kwenda Nakonde kununua bidhaa na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani ametoka Tanzania akaingia Zambia, lakini ukimwambia amekwenda ughaibuni atakuangalia usoni kuona kama umelewa. Kyela vivyo hivyo. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Ni ng'ambo kwa maana kamili ya neno, upande wa pili wa maji, ila si ughaibuni. Watu wa mpakani wameliweka neno mahali pake bila kufundishwa: mtu ambaye jioni utamwona hayuko ghaibu.

Basi nje ya nchi ni suala la mpaka wa serikali, ng'ambo ni suala la kuvuka, na ughaibuni ni suala la kutoonekana kwa muda mrefu. Majuu na mamtoni ni maneno ya mtaani, yenye picha ya Ulaya na Marekani na pesa zake. Aliyeko Oman ni wa ughaibuni bila shaka, lakini wachache watasema yuko mamtoni. Diaspora nalo limeingia kwenye hotuba za serikali na limekaa, hasa kwa maana ya kundi la watu. Ughaibuni linabaki kuwa jina la mahali.

Hapa kuna kosa ambalo si la lugha tu. Mtu wa ughaibuni si lazima awe raia wa nchi nyingine, wala aliyechukua uraia wa nchi nyingine hawi "Mtanzania wa ughaibuni" kisheria kwa kuitwa hivyo na ndugu zake. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko China na pasi yake ya Tanzania, na mzee aliyeapa kuwa raia wa Canada miaka ishirini iliyopita, wote tunawaita wa ughaibuni, lakini mbele ya ofisa wa Uhamiaji ni watu wawili tofauti kabisa. Mijadala mingi kuhusu haki zao ingepungua kelele kama waongeaji wangesema mapema wanamzungumzia yupi.

Na ukisoma ujumbe wa mtu anayeandika "huku ughaibuni kazi ni ngumu", jua amejitazama kwa macho ya nyumbani. Pale alipo yeye ni dhahiri, ana chumba na jirani na kodi ya nyumba. Ameendelea kujihesabu kuwa ni mtu asiyekuwepo, kwa sababu mahali anapopimia kuwepo bado ni Iringa au Njombe.

Swala isiyo na jeneza

Turudi msikitini. Swala ya ghaibu ni swala ya maiti ambaye mwili wake haupo hapo. Aliye ghaibu ni marehemu mwenyewe. Amefia mbali, huenda amezikwa hukohuko, na waliobaki wanataka kumsalia. Msingi wake ni Mtume Muhammad kumsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa yeye Madina.

Inavyoswaliwa ni kama swala nyingine ya jenazah. Watu husimama safu, hakuna rukuu (kuinama) wala sujudu. Imamu hupiga takbira nne, yaani husema "Allahu Akbar" mara nne: baada ya ya kwanza husomwa Fatiha, baada ya pili kumswalia Mtume, baada ya tatu dua ya kumwombea marehemu, na baada ya nne dua fupi kisha salamu. Kinachokosekana ni jeneza mbele ya imamu, na nia inamtaja maiti aliye mbali. Madhehebu hayakubaliani juu yake: Shafi na Hanbali wanairuhusu, Hanafi na Maliki hawaikubali. Waislamu wengi wa Tanzania wanafuata Shafi, ndiyo maana tangazo hilo unalisikia. Na kwa Shafi kuna sharti: maiti awe nje ya mji. Akiwa mjini humohumo, huendewa alipo.

Majini hayamo kabisa katika jambo hili.

Elimu ya ghaibu na utabiri wa mvua

Sasa tumefika kwenye maana nzito zaidi. Katika Kurani, sura ya pili aya ya tatu, wachamungu wanaelezwa kwanza kabisa kuwa ni wale wanaoyaamini ya ghaibu. Sura ya sita, aya ya 59, inasema funguo za ghaibu ziko kwa Mungu, hakuna azijuaye ila Yeye. Na mwisho wa sura ya 31 yanatajwa mambo matano ya aina hiyo: Saa ya Kiyama, mvua, kilichomo matumboni mwa wazazi, atakachochuma mtu kesho, na ardhi atakayofia.

Mkulima wa Uyole akilisikia hilo anauliza swali la haki: mbona Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili? Mbona mama mjamzito akipigwa altrasaundi ya katikati ya ujauzito anaambiwa ni wa kike? Je, hao wamejua ghaibu?

Jibu la wanazuoni linarudi kwenye swali letu la kwanza, ghaibu kwa nani. Wanatenga ghaibu ya aina mbili. Moja ni ile iliyo ghaibu kwa huyu na dhahiri kwa yule, kama fuvu la Kalenga. Mtoto tumboni haonekani kwa jicho, ila kwenye kioo cha mashine anaonekana. Kwa mwenye mashine amekwisha kuwa dhahiri. Ya pili ni ile isiyo na alama yoyote kwa kiumbe yeyote. Hiyo ndiyo isiyofikiwa kwa chombo.

Na utabiri wa msimu wenyewe, ukiusoma vizuri, haudai ghaibu. Unazungumzia uwezekano: mvua za wastani, za juu ya wastani, za chini ya wastani. Watabiri wanatazama joto la bahari na mwelekeo wa upepo, vitu ambavyo tayari vipo na vinapimwa, kisha wanakadiria. Shida inaanza kwa anayesikia "juu ya wastani" akadhani ameambiwa tarehe ya mvua kunyesha shambani kwake. Akipanda mahindi kwa mvua ya kwanza ya Novemba, mbegu ikaota, kisha kukawa na wiki tatu za ukavu, atasema wamedanganya. Utabiri wa msimu ulizungumzia jumla ya miezi sita. Kwa uamuzi wa kupanda wiki hii, wa kutazama ni utabiri wa siku kumi, pamoja na udongo wenyewe: chimba urefu wa kiganja uone kama unyevu umefika chini.

Mwenye bango kwenye nguzo yuko mahali pengine kabisa. Anadai ile ya pili, tena kwa bei. Chombo chake ni ramli, neno ambalo kwa asili maana yake ni mchanga, kwa kuwa wapigaji wa kale walichora alama mchangani. Mchanga hauna uhusiano na aliyeiba pikipiki yako kama joto la bahari lilivyo na uhusiano na mvua. Wala tusichanganye hapa kati ya tiba asili na ramli. Tiba asili ina sheria yake ya 2002 na baraza linalosajili waganga. Kibali hicho ni cha kutibu, si cha kutaja wachawi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza 1928, inamshika pia anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Na mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Bango linaloahidi ghaibu limeazima heshima ya neno la dini kuuzia kitu ambacho dini hiyohiyo inakikataza.

Wasioonekana ambao hawako mbali

Makosa hayaishii kwa wasiojua Kiarabu. Wapo waandishi wanaotafsiri mila za nyanda za juu na kila wakikuta kitu kisichoonekana wanakiita ghaibu. Masoka ya Wahehe, abasyuka wa Wanyakyusa, yaani mizimu ya wahenga, yote wameyatia kwenye kapu hilo. Mimi naona hapo tafsiri imeharibika, na sababu ni ile tofauti ya mlima na kijana wa Muscat.

Kwa wanaoamini mila hizo, mzimu hauonekani, lakini upo. Una mahali pake: kaburini, au kwenye kichaka kilichotengwa ambacho hakikatwi kuni. Tambiko likifanyika, wanakwenda pale, si popote, na pombe inamwagwa pale chini. Huwezi kumwekea chakula mtu aliye ghaibu. Mzimu basi uko kama Loleza kwenye ukungu, karibu na umefunikwa. Neno la Kiswahili linalowafaa ni wasioonekana, au mizimu tu, au bora zaidi jina walilopewa na wenyewe.

Makanisa ya huku, tangu zamani, yamepita njia nyingine. Biblia ya Kiswahili kwenye Waebrania 11:1 inasema imani "ni bayana ya mambo yasiyoonekana". Mkristo wa Tukuyu anaposoma hapo hakutani na ghaibu, anakutana na kitenzi cha kila siku, kuona, kikiwa kimekanushwa. Ndiyo sababu moja inayofanya ghaibu lisikike geni masikioni mwa wengi mikoa hii, na geni likiachwa bila maelezo hudhaniwa baya.

Kwa kupita tu: ghiba, yaani kusengenya, ni la mzizi huohuo. Ni kumsema mtu akiwa hayupo. Wasengenyaji hawajawahi kuhitaji mganga.

Limebaki la matamshi, kwa sababu huku kwetu lugha nyingi za nyumbani hazina sauti ya gh, na lugha inakuwa "luga", gharama "garama". Kwenye g, nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini, inaziba hewa, kisha inaachia. Kwenye gh haizibi. Inasogea karibu tu, hewa ipite kwa msuguano huku koo likitetema, kama maji kwenye bomba lililofungwa nusu. Ukisema kh ya "Khamisi" kisha ukaongeza mtetemo wa koo bila kuhamisha ulimi, umeipata. Anayeshindwa kuitamka hana kosa la kusutwa, mradi akiandika airudishe h mahali pake. Mhariri akiletewa habari ya "Watanzania waishio katika ugaibuni", ana kazi mbili tu: kurudisha h na kufuta "katika".